Maziwa Ndani ya Trekta

Kwa miaka thelathini na moja alisimamia chumba cha kufulia nguo katika hospitali kubwa, na kwa muda wote huo hakuna daktari aliyewahi kurudisha shuka kwa sababu ya doa. Watu walimwita Dobi. Alipostaafu akahamia shambani na mkewe, jina lile lilitangulia kufika, naye hakulikataa. Alikuwa na imani moja isiyotikisika: kila ugonjwa unaanzia kwenye uchafu. Mtoto akikohoa, aliangalia kucha zake. Redio ikikwaruza, aliifuta vumbi. Na kwa kuwa mara nyingi alikuwa sahihi, hapakuwa na njia ya kumwambia kitu.

Baada ya kustaafu alinunua trekta kuukuu kutoka chuo kimoja cha kilimo. Lilikuwa na umri wa karibu miaka arobaini. Rangi ilikuwa imebabuka, kiti kimechanika, na matope ya misimu isiyohesabika yalikuwa yamegandamana kila mahali, hata muuzaji mwenyewe hakuwa na uhakika kama taa za nyuma zipo. Wengine waliona chuma chakavu. Dobi aliona mgonjwa ambaye hajawahi kuogeshwa.

Alilisugua siku nne mfululizo, akalipaka rangi nyekundu, kisha akatafuta mashine ya kuoshea magari, ile inayorusha maji kwa kasi ya kubandua gome la mti. Tangu siku hiyo trekta likawa linaoga Jumatano na Jumamosi, na kila linapotoka shamba, hata kama limekwenda kusogeza gogo tu. Dobi alianzia magurudumu, akapanda kwenye injini, akamalizia pale chini ya kiti unaposimama mkono wa gia, ambapo vumbi hupenda kujikusanya kwenye kava la mpira. Pale alikaa sana. Kava lenyewe lilikuwa limepasuka, na maji yakipita kwenye ule mpasuko uchafu ulitoweka mara moja. Hakujiuliza ulikuwa umetowekea wapi.

Msimu wa kwanza trekta lilifanya kazi vizuri. Wa pili, likaanza vituko.

Plau ni chombo kizito. Katika trekta lile lilinyanyuliwa na mikono miwili ya chuma iliyosukumwa na oili: unavuta kishikio, pampu inasukuma oili, mikono inapanda, plau linaning'inia nyuma. Sasa likawa linapanda kwa kusitasita, pampu ikipiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni, na likishapanda halikai. Dobi analinyanyua, anashuka kusalimiana na mtu, anarudi na kulikuta limepiga magoti.

Kisha likaanza kuvuja. Tone hapa, tone pale, nyuma, ubavuni, kwenye maungio ya bomba. Dobi hakuweza kuvumilia doa hata la sakafu. Alitandaza chini ya trekta mabeseni manne ya plastiki na kuyaandika kwa wino mzito: KULIA, KUSHOTO, KATI, BOMBA. Kila asubuhi aliyakusanya, akaichuja oili iliyodondoka kwa kipande cha shuka la zamani, akairudisha ndani ya trekta. Shuka lilikuwa limechakaa na kutoa nyuzi, lakini lilikuwa jeupe, na weupe ndio uliomtuliza. Mabeseni aliyaosha kwa maji na sabuni kabla ya kuyarudisha mahali pake, yakiwa bado yana matone. Mahali palipovuja zaidi alipaziba kwa kipande cha sabuni ya mche alichokikandia kwa kidole gumba.

Asubuhi moja alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakifuta, akakichovya tena. Kilitoka na kitu cheupe kizito, kama chai ya maziwa iliyolala.

"Mama Pacha!" alimwita mkewe, ambaye alijulikana kwa jina hilo tangu alipojifungua mapacha wao, ambao sasa ni watu wazima wenye nyumba zao. "Njoo uone nilivyofanyiwa!"

Mama Pacha alitoka jikoni akijifuta mikono. Akakitazama kile kijiti.

"Naona," akasema. "Haya ni..."

"Usiseme. Namjua aliyefanya."

Aliyefanya, kwa hesabu ya Dobi, alikuwa Kidumu, muuza oili na vipuri wa pale kwenye njia panda. Kidumu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye duka lililojaa madumu hadi mlangoni, ndipo alipopatia jina. Dobi aliingia dukani kwake na chupa ya jemu iliyojaa ule uji mweupe, akaiweka juu ya kaunta mbele ya wateja wanne.

"Hii ni nini?"

Kidumu akaiinua kwenye mwanga. "Maziwa?"

"Ni oili yako! Umeichakachua!"

"Mzee wangu, mimi oili napokea imefungwa, nauza imefungwa. Wewe mwenyewe ulikata ile rakiri ya mfuniko."

"Basi umeichakachua kupitia rakiri!"

Mmoja wa wateja alicheka. Kidumu hakucheka. Alikuwa mtu wa kumeza maneno, lakini siku hiyo uso ulimbadilika. "Miaka kumi na tisa niko hapa," akasema taratibu. "Sijawahi kuitwa mwizi. Chukua chupa yako, baba, na kuanzia leo tafuta duka lingine."

Dobi akatafuta duka lingine. Alisafiri nusu siku kwenda mji mwingine, akarudi na oili mpya, akaibadilisha, akaliosha trekta vizuri kwa furaha. Baada ya wiki mbili kijiti kilitoka cheupe. Akaenda mji mwingine tena. Baada ya wiki mbili, kijiti kilitoka cheupe. Mtu mwingine angeanza kujitazama. Dobi alifikia uamuzi kwamba wauza oili wote watatu wamekula njama.

Mambo yakabaki hivyo hadi siku ya barabara.

Mvua zilikuwa zinakaribia, na Dobi alikuwa ameahidi kukilimia shamba kikundi cha akina mama alichokuwamo mkewe. Shamba lilikuwa ng'ambo ya pili ya kijiji, na njia ya kufika huko ilikuwa barabara mpya ya changarawe iliyofunguliwa siku tatu kabla. Ilikuwa imeshindiliwa na kusawazishwa ikawa laini kama meza. Watu walikuwa bado wanatoka majumbani kwenda kuitazama tu.

Dobi aliliogesha trekta mapema asubuhi, akavaa kofia, akanyanyua plau, akaondoka. Trekta lilimeremeta. Watu waliokuwa kando ya barabara walimpungia mkono. Naye akawapungia, akainua na kofia. Baada ya muda aliona wanapunga kwa nguvu zaidi, kwa mikono miwili, wengine wanakimbia nyuma yake wakipiga kelele, naye akajisikia vizuri moyoni, kwa sababu hata hospitalini, siku ya kumuaga, hawakumshangilia kiasi hicho. Aliona injini imekuwa nzito kidogo. Akaongeza mafuta.

Alipogeuka hatimaye, plau lilikuwa limezama ardhini hadi shingoni, na nyuma yake, katikati kabisa ya barabara mpya, kulikuwa na mtaro ulionyooka, wa hatua mia mbili na kitu, changarawe imelala kushoto na udongo mweusi umelala kulia. Ulikuwa ni ulimaji mzuri. Hata wakulima waliokuwapo walikubali hilo baadaye.

Msimamizi wa barabara alikuwa kijana mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Alisimama kwenye ukingo wa ule mtaro akiwa amepigwa na butwaa, akamtazama Dobi, akautazama mtaro.

"Mzee, umepanda nini hapa?" akauliza.

Dobi alifukia mtaro ule kwa jembe la mkono, kwa siku mbili, watu wakipita na kumsalimia kwa heshima iliyozidi. Siku ya pili jioni alirudi nyumbani na malengelenge viganjani, akakaa kwenye ngazi, akasema trekta litauzwa.

"Sawa," mkewe akasema. "Ila nimempigia mama simu. Anakuja kesho."

Dobi akanyanyuka. "Mama yupi?"

"Mama yangu. Una mama mkwe mwingine?"

Mama mkwe huyo alikuwa na miaka sitini na tisa, na watu wa kwao walimwita Bi Spana. Marehemu mumewe alikuwa na gereji ya matrekta na malori, na jina lake ndilo lililoandikwa ukutani. Mikono iliyofanya kazi ilikuwa ya Bi Spana. Dobi alilijua hilo kwa juujuu, jinsi mtu anavyojua mambo ya ukweni: alihesabu kwamba mama mkwe "alisaidia gerejini", akafikiri ni kufagia na kupika chai. Alimwogopa kwa adabu. Kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa mbele yake bila kufunga kifungo cha juu cha shati, wala kunyoosha miguu, wala kupinga neno lake.

Bi Spana alishuka kwenye basi na begi moja la nguo na sanduku moja la chuma. Dobi alilipokea sanduku ili kuonesha uungwana, na nusura limvute chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Polepole na hilo, lina umri kukuzidi."

Alikunywa maji, akabadilisha nguo, akatoka akiwa amevaa ovaroli iliyofifia rangi na kitambaa kichwani. Dobi alikuwa amevaa shati jeupe. Alipoona mama mkwe anatandika gunia chini ya trekta ili alale chali, alishikwa na fadhaa ya kweli.

"Mama, tafadhali, siyo vizuri. Nitamtafuta fundi."

"Fundi ameshafika," Mama Pacha akasema kutoka kwenye kibaraza.

Miguu ya Bi Spana ilikuwa tayari imebaki nje peke yake. Kwa dakika kadhaa kilichosikika ni kucha inayokwangua. Kisha mkono ukatokea, umeshika kitu cha rangi ya kijani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hii ni sabuni ya kufulia."

"Ndiyo, mama. Ya mche."

Mkono ukaiweka chini. "Na haya mabeseni?"

Dobi akaeleza. Alieleza kwa ukamilifu, kwa sababu alikuwa akijivunia mpango ule: kukusanya, kuchuja kwa shuka, kuosha beseni, kurudisha. Miguu ya Bi Spana haikutikisika hata kidogo. Alipomaliza, mama mkwe alitoka chini ya trekta, akajipangusa, akamtazama mkwewe kwa upole kama daktari anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Trekta hili linaoga mara ngapi kwa wiki?"

"Mara mbili, mama. Likitoka kazini, tatu."

"Kwa ndoo?"

"Kwa mashine," Dobi akasema, na kifua kikamjaa kidogo. Akaikimbilia ile mashine, akaileta, akaonesha jinsi anavyoanzia magurudumuni na kumalizia kwenye gia. Hakuwasha maji, lakini aliuiga kwa mdomo mlio wake.

Bi Spana aliomba chupa mbili za kioo, kikaango kikavu na moto. Alichota oili kidogo kutoka ndani ya trekta, akaijaza chupa moja na kuiweka dirishani. Chupa ya pili akaijaza oili mpya iliyobaki kwenye dumu. Kisha akapasha kikaango mpaka kikawa cha moto kweli, akadondosha tone la oili mpya. Likatambaa kimya, likatoa moshi kidogo. Akadondosha tone la ile nyeupe. Likapasuka-pasuka na kuruka juu kama maharage yanayokaangwa.

"Oili haipigi kelele," akasema. "Kinachopiga kelele ni maji."

"Kidumu aliweka maji!" Dobi akaropoka.

"Nani?"

"Muuza oili, mama. Na wenzake wawili wa miji mingine."

Bi Spana akamtazama binti yake. Mama Pacha akaangalia pembeni, midomo ameibana.

Kitu cha ajabu ni kwamba hata hapo mama mkwe hakumgombeza. Mkwe hamgombezi mkwe, na yeye alikuwa mtu wa adabu. Alisubiri hadi asubuhi, chupa ya dirishani ilipokuwa imetulia. Chini kabisa maji yalikuwa yamejitenga, na juu yake oili. Katikati kulikuwa na tabaka jembamba la povu lenye nyuzinyuzi nyeupe. Akaiweka chupa mezani mbele ya Dobi, akamwacha nayo.

Halafu akaenda kukaa mbele ya trekta na kuanza kuliuliza maswali, kwa sauti ya kutosha kusikika nyumba nzima.

"Wewe trekta, umezaliwa mwaka gani? Hukuambiwa kwamba oili ya gia zako na oili ya kunyanyulia plau ni ile ile moja, na nyumba yake ni hapa chini ya kiti? Kava lako la gia limepasuka, umekaa kimya. Unarushiwa maji shingoni mara tatu kwa wiki, umekaa kimya. Mwenye mali atajuaje?"

Dobi alikuwa amesimama mlangoni na ile chupa mkononi. Alihisi masikio yanamuwaka. Alitaka kujibu, lakini hakuwa yeye aliyeulizwa. Mwishowe naye akasogea, akaweka mkono kwenye bati jekundu.

"Trekta," akasema kwa sauti ndogo, "kwani na shuka nalo ni kosa?"

"Mwambie," Bi Spana akalijibu trekta, "kwamba nyuzi za shuka ziko kwenye chujio. Na asiponiamini, afungue mwenyewe."

Alifungua mwenyewe. Kwanza walimwaga oili yote, ikatoka kama uji, madumu mawili. Kisha Bi Spana akamwelekeza bolti za kulegeza, na alipovuta lile chujio la wavu kutoka tumboni mwa trekta, lilitoka limevingirishwa nyuzi nyeupe, limeziba kabisa, mfano wa kiota cha ndege. Dobi alizitambua zile nyuzi. Alikuwa ameziona kwa miaka thelathini na moja, kwenye mashuka ya wodi zote.

Alikaa chini, juu ya lile gunia, na shati lake jeupe.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Pampu ilikuwa inanyonya oili kupitia blanketi," Bi Spana akasema, sasa akimwambia yeye. "Ndiyo maana ililia. Na plau linashuka kwa sababu pete za mpira kule ndani zimeoza, na hizo zingeoza tu kwa umri, maji yameziharakisha. Siyo msiba, baba. Chuma hakijatafunwa sana. Tunahitaji pete, sili tatu za kuzuia kuvuja, kava la gia, chujio jipya, oili. Na dizeli ya kusafishia. Wapi kuna duka la karibu?"

Mama Pacha alikuwa na adabu ya kutocheka. "Ni kwenye njia panda tu, mama," akasema. "Kwa Kidumu."

Dobi alitembea kwenda njia panda kwa miguu, ingawa baiskeli ilikuwepo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika, dukani kulikuwa na wateja watatu, na kwa bahati yake mmoja wao alikuwa yule aliyecheka siku ile. Alijipa moyo, akasubiri wamalize. Hawakumaliza, maana walimwona, wakaamua kuchagua misumari polepole.

"Karibu," Kidumu akasema, bila tabasamu.

"Nahitaji sili za nyuma. Na pete za kunyanyulia. Nimeandikiwa hapa." Akatoa karatasi.

Kidumu akaisoma. "Zipo. Lakini mzee, si unaogopa? Huenda nimezichovya kwenye maziwa."

"Maji yalikuwa yangu," Dobi akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema maji niliyatia mimi mwenyewe. Kwa mashine. Na nyuzi ni zangu." Akavua kofia. "Nilikuita mwizi mbele ya watu wanne. Leo wako watatu, lakini huyu hapa atamwambia wa nne. Nisamehe."

Kidumu aliiangalia karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akazunguka nyuma, akarudi na vipuri vyote vimefungwa kwenye gazeti, na dumu la oili. Alilipindua dumu, akamwonesha rakiri iliyo nzima, akapiga kidole juu yake mara mbili. Hakusema amesamehe. Lakini Dobi alipolinyanyua lile dumu na kuyumba, Kidumu alimwita mpita njia mwenye mkokoteni amsaidie kulifikisha, na hilo lilitosha.

Kazi ilichukua siku mbili. Walimimina dizeli iliyochanganywa na oili kidogo, wakawasha injini bila mzigo, wakapandisha na kushusha mikono ya nyuma, wakamwaga. Ikatoka ya kijivu. Wakarudia. Ikatoka safi zaidi. Mara ya tatu Bi Spana aliinusa, akaipeleka kikaangoni, na kikaango kikanyamaza.

Lilipofika suala la kufungua mfuniko wa kule juu ili kubadilisha pete, jambo likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Bi Spana alikuwa na mikono ya fundi lakini macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Alitandaza mezani vipande alivyovitoa humo, vidogo vidogo, vinavyong'aa, kila kimoja na tundu lake jembamba.

"Hapa," akasema, "punje moja ya vumbi ikiingia, tumefanya kazi bure. Panatakiwa pawe pasafi kuliko chumba cha upasuaji."

Dobi akanyoosha mgongo. Alikwenda kunawa hadi kwenye viwiko. Akafunga madirisha ya banda la trekta, akanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale, akasubiri sakafu ikauke, akatandika karatasi nzito isiyotoa nyuzi. Kisha akakisafisha kipande kimoja kimoja kwa dizeli safi na kukikausha kwa pampu ya baiskeli, akaviweka kwa mpangilio wa jinsi vilivyofunguliwa na vitakavyorudishwa, kushoto kwenda kulia, bila kimoja kugusana na kingine. Alifanya hivyo kwa saa nne bila kuinua kichwa. Bi Spana alipokuja kukagua kwa miwani, alipita meza nzima, akarudi nyuma, akapita tena.

"Katika gereji yetu," akasema, "tulikuwa na mafundi saba. Hakuna hata mmoja aliyenisafishia hivi." Akavua miwani. "Usafi wako haukuwa na kosa, baba. Ulikuwa umeupeleka nje tu."

Mama Pacha, aliyekuwa anapita na chai, alimwona mumewe amegeukia ukuta, anajifuta uso kwa kiwiko kwa sababu viganja vyake vilikuwa safi mno kugusa kitu.

Walifunga mfuniko, wakaweka sili mpya, wakavalisha kava jipya la gia, wakamimina oili. Plau likanyanyuka mara moja bila mluzi. Walilinyanyua saa mbili asubuhi wakaliacha linaning'inia, wakaenda zao. Saa saba mchana lilikuwa pale pale, na chini ya trekta sakafu ilikuwa kavu. Dobi alipiga magoti akaigusa kwa kidole, akakinusa. Hakuna kitu.

Shamba la kikundi lililimwa kwa siku moja na nusu, mvua ikaanza njiani wakati wa kurudi. Trekta lilirudi limejaa matope hadi kwenye taa, na Bi Spana alikuwa ametoa amri: brashi kavu na kitambaa, basi. Maji ni kwa magurudumu peke yake, na kwa ndoo. Jioni ile Dobi alilizunguka trekta lake mara tatu na brashi mkononi. Lilikuwa chafu kama siku aliyolinunua, na lilikuwa na afya kuliko siku yoyote. Mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kichwani mwake. Mwishowe alifumba macho, akabrashi kidogo, akaenda kuoga yeye.

Ijumaa walimsindikiza Bi Spana kituoni. Basi lilipoondoka, Dobi na mkewe walirudi kwa miguu, wakifuata ukingo wa barabara kwa sababu ya tope.

"Mama yako ni mtu mkubwa sana," Dobi akasema. "Yaani kwa kusikiliza tu, akajua ni kuosha."

"Alijua kwa sababu nilimwambia kwenye simu."

Dobi akasimama. "Ulimwambia nini?"

"Kwamba maji yanaingia kwenye gia. Baba Pacha, mimi nimekulia kwenye gereji. Nilikuwa naendesha matrekta ya watu kuyapanga uani nikiwa na miaka kumi na nne."

"Hujawahi kuniambia!"

"Hujawahi kuuliza."

"Na maji? Tangu lini ulijua?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Mama Pacha! Nimekwenda miji miwili! Nimelima barabara! Mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilikuja pale unapoosha, nikakwambia maji yanaingia chini ya mkono wa gia. Ukaniambia nisogee, nitalowa." Aliruka kidimbwi, akamngojea upande wa pili. "Kwa hiyo nikamwita mtu ambaye huwezi kumwambia asogee."

Walitembea kipande kirefu. Dobi alionekana kama mtu anayepekua kabati kubwa, akikumbuka jinsi alivyokuwa akitupia vitu humo bila kuvitazama. Walipokaribia nyumbani akakohoa kidogo.

"Kuna kitu kingine chochote," akauliza, "ulichoniambia, nisikisikie?"

Mama Pacha akafikiri. Alianza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, vikaisha, akahamia wa kulia.

"Tukae kwanza," akasema. "Na uchukue kalamu."